Kioo cha Mbele Ndicho Lenzi ya Kwanza

Asubuhi moja ya Januari, nje kidogo ya Kilindoni kisiwani Mafia, potwe alipita mita 3 hivi mbele yangu. Huyu ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani, na wa siku ile alikaribia mita 7, amejaa madoa meupe mgongo mzima, kinywa wazi akichuja chakula chake. Nikabonyeza kitufe. Lenzi ikaenda mbele, ikarudi nyuma, ikatafuta tena, isipate. Nilirudi ufukweni na picha za ukungu mtupu. Kamera ilikuwa nzima, lenzi ilikuwa imara, wala maji hayakuwa machafu. Nilichokosea ni kuchagua lenzi bila kufikiria kioo kitakachosimama mbele yake.

Kioo hicho cha mbele ya kasha la kamera, wapiga mbizi hukiita poti. Wengi hukiona kama kifuniko cha kuzuia maji tu. Kwa kweli ni sehemu ya lenzi, tena sehemu ya kwanza, kwa sababu hapo ndipo mwanga unapotoka majini na kuingia kwenye hewa iliyomo ndani ya kasha, na unapovuka mpaka huo hupinda. Wavuvi wanaochokoa pweza kwa mkuki maji yakiwa yamekupwa wanalijua jambo hili bila kufundishwa darasani: pale unapomwona pweza sipo alipo.

Poti ziko za aina kuu mbili, bapa na kuba.

Poti bapa ni kioo kilichonyooka kama cha dirisha. Ukitazama kupitia kioo hicho, kila kitu majini huonekana kimeongezeka ukubwa kwa theluthi moja na kusogea karibu kwa robo. Kwa anayepiga viumbe vidogo hiyo ni faida tupu. Weka lenzi ya makro ya milimita 60 au 100 nyuma ya poti bapa, kisha mtafute kamba msafishaji anayetembea juu ya taya za mkunga: utahesabu hata vinyweleo vya miguu yake.

Ukiweka lenzi pana nyuma ya kioo hicho hicho, faida inageuka hasara. Lenzi ya milimita 28, ambayo nchi kavu huona nyuzi 75 kwenye kamera ya fremu kamili, hubaki na nyuzi 55 hivi. Pembeni mwa picha rangi nazo huachana, na ukingo wa tumbawe hupata utepe wa buluu upande mmoja na mwekundu upande wa pili. Hata ukinunua lenzi pana kiasi gani, sheria ya mwanga haitakuruhusu kuvuka nyuzi 97 kupitia kioo bapa.

Ndiyo maana lenzi pana huhitaji kuba. Poti hii ni kama kipande cha mpira wa kioo. Mwanga unaoelekea katikati ya mpira hukigonga kioo wima, kwa hiyo haupindi, na lenzi hubaki na upana wake wote. Ila kuba ikishagusa maji nayo hugeuka lenzi, na kazi yake ni kuleta taswira karibu sana. Kitu kilicho mbali kabisa majini, kamera hukiona kama kimesimama mbele ya kuba kwa umbali wa mara 3 ya nusu kipenyo chake. Chukua kuba ya nusu mpira yenye kipenyo cha sentimita 20: nusu yake ni sentimita 10, basi bahari yote unayoiona imebanwa ndani ya sentimita 30 mbele ya kioo. Potwe wangu wa mita 7, kwa lenzi, alikuwa taswira ndogo iliyo karibu kama kitabu mkononi. Lenzi niliyobeba haikuweza kushika fokasi kwenye chochote kilicho karibu kuliko sentimita 70. Ingepata wapi?

Kwa hiyo, la kwanza: kabla ya kuuliza bei ya lenzi pana, uliza inashika fokasi kuanzia umbali gani. Ikifika sentimita 30 au chini ya hapo, endelea. Isipofika, huenda ukalazimika kuivalisha lenzi ndogo ya kukaribisha, ya nguvu ya +2 hadi +4.

La pili ni mahali lenzi inapokaa ndani ya kuba. Kitovu chake, yaani pale unapoliona tundu la lenzi ukiitazama kwa mbele, kinapaswa kuangukia katikati ya ule mpira. Pete za kurefusha poti zimewekwa kwa kazi hiyo, na kila lenzi ina pete yake. Mwenye lenzi mbili zinazotumia kuba moja asishangae akihitaji pete mbili.

La tatu ni pembe za picha. Taswira inayotengenezwa na kuba imejikunja kama bakuli, ilhali kihisi cha kamera ni bapa. Katikati pakishika vizuri, pembe hulegea. Dawa yake ni kubana tundu la lenzi hadi f/8, f/11 au zaidi, na kutumia kuba kubwa kadiri uwezavyo. Lenzi pana zinazonyoosha mistari, kama za milimita 16 hadi 35, hudai kuba kubwa ya sentimita 20 na zaidi. Lenzi ya jicho la samaki huridhika na kuba ya sentimita 10 tu, tena hukubali kusogezwa mpaka kioo kikaribie kugusa tumbawe. Ni kweli hupinda mistari, lakini miambani hakuna kuta za nyumba wala milango ya kuonekana imepinda. Kwa anayeanza picha pana, mimi humshauri aanze na hiyo. Kuba kubwa aiache kwa picha za nusu maji nusu hewa, maana kuba ndogo humezwa na wimbi dogo tu. Ajue pia kwamba kuba kubwa imejaa hewa, hivyo huvuta kasha juu na kuchosha kifundo cha mkono.

Upana wenyewe usikudanganye. Kazi ya lenzi pana baharini ni kukuwezesha kusogea karibu na bado kitu kizima kikaingia kwenye picha. Maji hunywa rangi nyekundu ndani ya mita chache za mwanzo, na kila mita kati yako na samaki ina vumbi lake. Kwenye Ghuba ya Chole, huko huko Mafia, wazamiaji husubiri maji yanayojaa yalete maji safi kutoka bahari kuu. Yakikupwa, yanayotoka mikokoni huja na tope. Siku kama hiyo, mwenye poti bapa na lenzi ya makro bado atarudi na picha.

Kuhusu malighafi, akriliki ni nyepesi na nafuu, huchubuka upesi, lakini mchubuko mdogo hujazwa na maji usionekane, na mkubwa husuguliwa ukaisha. Kioo halisi ni kizito na kigumu kuchubuka, ila kikishapata mkwaruzo mkubwa ndio basi. Vyovyote iwavyo, usiache kasha chomboni poti ikitazama jua, na kagua oringi, ile pete ya mpira inayozuia maji, kila unapofunga.

Mpangilio wa kununua basi ni huu: amua unataka kupiga kiumbe gani, kutoka umbali gani, hapo utajua lenzi, na lenzi itakutajia poti na pete yake. Kisha, kabla ya kulipia boti, jaza pipa maji na usimamishe ufito ndani yake, nusu majini nusu nje. Zamisha kuba nusu, uweke ufito pembeni mwa picha, kisha piga. Ufito ukiungana sawasawa penye usawa wa maji, lenzi imekaa mahali pake. Ukikatika, badilisha pete. Zamisha kasha lote uone kama lenzi inashika fokasi. Pipa la nyumbani lingeniambia bure yale niliyokwenda kuyajua Kilindoni, potwe akiwa ameshapita.