Kikohozi cha mama si cha kiangazi tu



Kila mwaka, kuanzia mwezi wa sita mpaka mwezi wa tisa, mvua inapopungua hapa Kivu, ibada zetu zinajaa kikohozi. Vumbi linapanda nyuma ya kila pikipiki na kila lori, linaingia nyumbani, linalala juu ya sahani na vitanda. Sisi husema: "Ni kiangazi, kitapita." Kwa wengi ni kweli, kinapita. Leo ninaandika juu ya wale ambao kwao hakipiti, na wengi wao ni wamama.

Katika parokia moja niliyotumikia palikuwa mama wa korale, mwenye sauti ya kwanza. Pole pole alianza kuketi katikati ya wimbo, kisha akaacha kuja mazoezi. Nilimtembelea mara nyingi. Tuliketi saloni, nikamwombea, nikamwambia avumilie mpaka mvua irudi. Mvua ikarudi, kikohozi kikabaki. Majirani wakaanza kunong'ona kwamba amerogwa. Siku alipokwenda kituo cha afya, muuguzi alimwuliza swali ambalo mimi, mchungaji wake, sikuwahi kumwuliza: "Mama, unapikia wapi?"

Alipikia katika chumba kidogo cha mbao, bila dirisha. Amepikia mahali pa namna hiyo tangu alipokuwa msichana.

Kiangazi kinafanya nini

Vumbi na unga wa maua vinaweza kuamsha mzio, ambao wengi tunauita alerji. Mwili unadhani vumbi ni adui, unaanza kupigana nalo. Mtu anapiga chafya, macho yanawasha, pua inatoa maji mepesi, lakini kwa kawaida hana homa. Vumbi likipungua, anapata nafuu. Kwa mwenye pumu (asma) ni hatari zaidi: njia za hewa zinabana, pumzi inapiga kama filimbi, hasa usiku. Kwa sisi tunaoishi karibu na Nyiragongo na Nyamulagira, gesi za salfa zinazotoka katika volkano hizo zinaweza pia kumchokoza mwenye kifua dhaifu.

Kwa hiyo kiangazi kina lawama yake. Lakini mara nyingi kinakuta mapafu ambayo yamekwisha kuchoshwa na jambo lingine, linalotokea kila siku, masika na kiangazi.

Moshi wa jikoni

Moshi wa kuni umebeba chembe ndogo sana. Zile zenye hatari kubwa ni nyembamba kuliko unywele wa kichwa karibu mara 30. Pua haiwezi kuzizuia. Zinashuka mpaka ndani kabisa ya mapafu, nyingine zinaingia katika damu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi na hewa chafu ya nyumbani vilisababisha vifo milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020, na zaidi ya 237,000 kati yao ni watoto wa chini ya miaka 5.

Ni nani anayekaa karibu na moto? Ni mama anayepika sombe na maharagi kwa masaa mengi, binti anayemsaidia, na mtoto aliye mgongoni. Baba anakuja chakula kikiwa tayari. Mapafu ya mama yanalipa kidogo kidogo kwa miaka: kwanza kikohozi cha asubuhi chenye makohozi, kisha kukosa pumzi akipanda mlima na bidoni ya maji. Njia za hewa zikisha kuharibika hivyo, hazirudi zote kama zamani. Mama mwenye mimba akivuta moshi huo, mtoto anaweza kuzaliwa na uzito mdogo. Na mtoto mchanga anayeuvuta anapata nimonia kwa urahisi zaidi.

Makala bila moshi

Wengi wa mjini watasema: "Sisi tunatumia makala, hayana moshi." Ni kweli kwamba makala yakisha kuwaka hayatoi moshi mwingi kama kuni. Lakini yanatoa gesi isiyo na rangi wala harufu, inayochukua nafasi ya hewa nzuri ndani ya damu. Kichwa kinauma, mtu anasikia kizunguzungu na kichefuchefu. Akiwa amelala, anaweza kufa bila kuamka. Ndiyo maana mbabula isiingizwe kamwe katika chumba cha kulala, hata kwa baridi ya Lubero au Butembo. Na wanaowasha makala kwa mifuko ya plastiki wanaongeza sumu nyingine juu ya hiyo.

Tufanye nini

Ninajua kwamba vita vimefukuza wengi wetu, na kuna familia zinazoishi, kupika na kulala katika chumba kimoja. Gazi na umeme ni bei kali. Lakini kuna mambo ambayo hayahitaji pesa nyingi:

- Washa mbabula nje, na upikie nje kila unapoweza. Ukipikia ndani, acha mlango na dirisha wazi, na ukimaliza toa mbabula nje.
- Jiko la kuni liwe na nafasi chini ya paa ambapo moshi unatoka, pande mbili kama inawezekana.
- Loweka maharagi usiku kucha. Yataiva upesi na moto utakuwa mfupi.
- Tumia kuni kavu. Kuni mbichi zina moshi mara nyingi.
- Mtoto asikae jikoni wakati wa kuwasha moto.
- Wakati wa vumbi, nyunyiza maji kidogo kabla ya kufagia, na funika pua kwa kitambaa.

Tena, tusikae na kikohozi nyumbani. Kikizidi wiki mbili, kikija na jasho la usiku, kukonda au damu, nenda upimwe kifua kikuu. Katika inchi yetu dawa zake hutolewa bure. Anayekosa pumzi hata akiwa ameketi, au midomo yake inabadilika rangi, apelekwe siku hiyo hiyo. Kuomba tuombe, lakini maombi yasitumiwe kuchelewesha safari ya kwenda kwa muuguzi. Paulo alimwombea Timoteo, na alimshauri pia juu ya tumbo lake.

Neno la mwisho ni kwa wachungaji wenzangu na kwa wababa. Baada ya swali la yule muuguzi, nilikwenda kuangalia jiko la kanisa letu, mahali ambapo wamama walitupikia wakati wa semina na arusi. Lilikuwa na mlango mmoja na hakuna dirisha. Kuta zilikuwa nyeusi mpaka juu. Nilikuwa nimekula chakula cha jiko hilo kwa miaka mingi bila kuingia ndani yake. Wababa wa parokia walifungua nafasi mbili ukutani kwa siku moja, kwa nyundo na mbao zilizobaki za ujenzi.

Yule mama hakupona kabisa. Anatumia dawa, anapikia nje, na amerudi katika korale. Sasa anaimba akiwa ameketi, karibu na dirisha. Ninafurahi kumwona, lakini najua kwamba pumzi aliyopoteza ingeweza kulindwa mapema. Mungu ndiye aliyempulizia mwanadamu pumzi, ndivyo Mwanzo inavyotufundisha. Kabla ya Jumapili ijayo, kila mmoja wetu aingie katika jiko la nyumba yake wakati moto unawaka, akae humo mpaka chakula kiive. Kisha tuzungumze.