Miti Malishoni na Afya ya Udongo: Mfano wa Nakivale, Isingiro
Wilaya ya Isingiro imo katika ukanda wa wafugaji wa Uganda, na makazi ya wakimbizi ya Nakivale yamekuwapo huko tangu 1958. Hapo mgunga hugombewa: mfugaji autaka kivuli, mpishi autaka kuni. Mti ukikatwa, udongo nao hupoteza. Bakteria waishio katika vinundu vya mizizi yake hunasa naitrojeni ya hewani. Majani yapukutikayo huwa mboji. Mizizi hufungulia maji ya mvua njia ya kupenya ardhini. Hata hivyo, ng'ombe wapumzikao kivulini huacha samadi papo hapo, hivyo sehemu ya rutuba hiyo imehamishwa tu kutoka malisho ya jirani. Aidha, migunga ikisongamana, nyasi hudhoofu. Kwa hiyo, uhifadhi wa malisho hayo wahitaji miti iliyoachiwa nafasi, na chanzo kingine cha kuni.