Kwa nini kipimo cha presha hakionyeshi gesi iliyobaki mtungini

KATIKA maduka na vibanda vya kuuza gesi ya kupikia vilivyotapakaa Likoni, Kisauni na Changamwe, mteja huwa na njia chache za kukisia kama mtungi anaouziwa umejaa. Huuinua kwa mkono, huutikisa asikie mlio wa majimaji ndani yake, au hutazama mshale wa kipimo cha presha kilichofungwa kwenye regulata. Kati ya njia hizo, ile inayoonekana kuwa ya kitaalamu zaidi, yaani kipimo cha presha, ndiyo dhaifu kupita zote.

Mtungi wa kilo 6 uliojaa na mwingine wa aina iyo hiyo uliobakiwa na kilo 2 pekee huweza kuusimamisha mshale karibu mahali pamoja. Kipimo hakina hitilafu. Ni gesi yenyewe isiyofuata kanuni ambayo watu wengi hudhani gesi zote huifuata.

Kanuni hiyo ina umri mkubwa. Mwaka 1662 mwanasayansi Robert Boyle alieleza kwamba hewa ikibanwa hadi nusu ya nafasi yake, huku halijoto ikibaki pale pale, kanieneo yake, yaani presha, huongezeka maradufu. Wanafunzi wa shule za upili hufundishwa kanuni hiyo pamoja na zile zilizoifuata, na zote kwa pamoja humchora kiumbe wa kufikirika aitwaye gesi kamilifu. Molekuli za gesi hiyo hazichukui nafasi yoyote, wala hazivutani. Kila moja hujiendea zake, hugonga ukuta wa chombo na kurudi, kana kwamba wenzake hawapo.

Hakuna gesi ya namna hiyo duniani, lakini zipo zinazoikaribia sana. Oksijeni inayotumiwa na wachomeleaji wa vyuma katika karakana za Changamwe ni mojawapo. Mtungi wake hujazwa hadi takriban mara 150 ya kanieneo ya hewa ya kawaida, na hata katika msongamano huo hukengeuka kutoka kwenye kanuni kwa takriban asilimia 5 tu. Mchomeleaji akiona mshale umeshuka hadi 75, anajua kwamba nusu ya gesi yake imekwisha, naye hakosei sana.

Mpishi wa Kisauni hana bahati hiyo. Gesi yake ni mchanganyiko wa propani na butani, na molekuli za gesi hizi huvutana kwa nguvu kuliko zile za oksijeni. Mvuto wenyewe ni wa kupita. Elektroni za molekuli moja husogea upande mmoja kwa kitambo kidogo mno, zikaisukuma molekuli jirani nayo ibadilike, na hapo pande mbili zenye chaji tofauti hukaribiana. Kadiri molekuli inavyokuwa kubwa na yenye elektroni nyingi ndivyo mvuto huo unavyozidi. Ndiyo sababu butani, iliyo kubwa kuliko propani, huchemka kwenye nyuzi 0.5 chini ya sufuri, ilhali propani huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sufuri. Oksijeni huhitaji nyuzi 183 chini ya sufuri.

Hesabu ndogo yatosha kuonyesha uzito wa jambo hili. Kilo 6 za butani, zikiachwa ziwe mvuke katika joto la nyuzi 30, hujaza takriban lita 2,500. Mtungi wa kilo 6 una nafasi ya kadiri ya lita 14. Kama butani ingekuwa gesi kamilifu, kanieneo ndani ya mtungi ingefika kama mara 180 ya hewa ya kawaida, na mtungi ungehitaji kuta nene kama za ule wa oksijeni. Hakuna mtoto wa shule ambaye angetumwa kuubeba begani. Kwa hakika kanieneo ya butani katika joto hilo haifiki hata mara 3. Propani tupu ingefikia kadiri ya mara 11.

Hiyo tofauti kubwa kati ya 180 na 3 ni kazi ya mvuto wa molekuli. Zinaposongamanishwa zikakaribiana vya kutosha, huacha kurukaruka ovyo na kushikamana kuwa kiowevu. Sehemu iliyo juu ya kiowevu hubaki mvuke. Kila mpishi anapofungua meko na kuuondoa mvuke kidogo, kiowevu kingine hugeuka mvuke kuziba pengo, na kanieneo hurudi palepale. Hali huendelea hivyo hadi tone la mwisho, ndipo mshale huporomoka ghafla, mara nyingi wali ukiwa jikoni. Kwa kuwa mchanganyiko una propani inayotangulia kutoka kwa wingi zaidi, mshale huteremka kidogo kidogo mtungi unapozeeka, lakini mteremko huo hausemi kilo zilizobaki ni ngapi. Mshale hufuata joto zaidi kuliko kiasi: mtungi ule ule utaonyesha kanieneo kubwa zaidi adhuhuri kuliko alfajiri.

Aliyeyaweka mambo haya katika hesabu ni Mholanzi Johannes van der Waals, katika tasnifu yake ya mwaka 1873 kwenye Chuo Kikuu cha Leiden. Alitia marekebisho mawili katika kanuni ya gesi kamilifu: moja kwa ajili ya mvuto baina ya molekuli, la pili kwa ajili ya nafasi ambayo molekuli zenyewe huchukua. Kazi hiyo ilimpa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1910.

Mvuto huo una kikomo. Kila gesi ina kiwango cha joto ambacho kikipitwa, molekuli huwa na kasi mno hata zisishikike, nayo gesi haiwezi kuwa kiowevu hata ibanwe vipi. Kwa butani kiwango hicho ni nyuzi 152, na kwa propani ni karibu 97, mbali kabisa na joto la Mombasa. Kwa methani ni nyuzi 83 chini ya sufuri. Hivyo basi gesi asilia ya Songo Songo, ambayo ilianza kusafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam mwaka 2004 na ambayo kwa sehemu kubwa ni methani, haiwezi kuuzwa katika mitungi myepesi ya jikoni. Magari yanayoitumia hubeba mitungi imara iliyojazwa hadi kadiri ya mara 200 ya hewa ya kawaida. Hata humo mvuto mdogo uliopo husaidia: mtungi huingiza methani nyingi kuliko ile ambayo kanuni ya gesi kamilifu ingeruhusu.

Biashara ya gesi ya kupikia ya Mombasa bara imesimama juu ya kushikamana huko kwa molekuli. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe, kilichoanza kazi mwaka 1963, kilitoa gesi hiyo miongoni mwa bidhaa zake hadi kilipoacha kusafisha mafuta ghafi mwaka 2013. Gesi itumiwayo nchini sasa huletwa kwa meli ikiwa kiowevu, na sehemu kubwa hupitia matangi ya kampuni ya Africa Gas and Oil yaliyoko Miritini. Ingesafirishwa ikiwa mvuke, meli moja ya leo ingehitaji mamia ya meli.

Kwa mnunuzi, kipimo cha kuaminika ni mizani. Kwenye kishikio au shingo ya mtungi huwa pamechongwa uzito wa mtungi mtupu. Uzito huo ukijumlishwa na kilo za gesi zilizolipiwa, jumla ndiyo inayopaswa kuonekana kwenye mizani. Upungufu wa kilo moja katika mtungi wa kilo 6 ni sehemu moja ya sita ya pesa za mteja. Nyumbani kusiko na mizani, maji ya moto yakimiminwa ubavuni mwa mtungi na mkono ukapitishwa, sehemu yenye kiowevu husikika baridi na ya juu hubaki na joto. Mitungi ya mahoteli inayotumiwa mfululizo huonyesha mstari huo bila kumwagiwa chochote. Kiowevu hutumia joto kuvunja mvuto wa molekuli zake kiwe mvuke, chuma hupoa, na unyevunyevu wa pwani hugeuka matone hadi pale kiowevu kilipofika.

Anayedhani kwamba mtungi uliojazwa kupita kiasi ni faida amekosea vibaya. Hapa marekebisho ya pili ya Van der Waals ndiyo hutawala. Kiowevu hutanuka kinapopata joto, na kwa sababu hiyo takriban sehemu moja ya tano ya mtungi huachwa wazi. Nafasi hiyo ikijazwa na mtungi ukaanikwa juani, molekuli zilizokwisha kugusana hazina pa kwenda. Husukumana, na kanieneo hupanda kwa kasi isiyo na mfano katika gesi yoyote. Wajazaji wa vichochoroni wanaohamisha gesi kutoka mtungi hadi mtungi kwa kukisia hawana njia ya kujua mpaka huo umepitwa lini.

Hatari huongezeka kiowevu kinapotoka nje. Lita moja ya kiowevu hicho hutoa zaidi ya lita 200 za mvuke. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa sakafuni na kutuama mabondeni, na mchanganyiko wenye takriban sehemu 2 tu za gesi katika sehemu 100 huweza kuwaka. Usiku wa Februari 1, 2024, mlipuko katika kituo cha gesi kisicho halali huko Embakasi, Nairobi, uliua watu kadhaa na kujeruhi mamia, wengi wao wakiwa majumbani mwao.

Kifaa kingine cha Mombasa kinachohusika na habari hii ni kizimamoto cha kabonidayoksaidi, kipatikanacho katika vyombo vya majini na vyumba vya mitambo ya umeme. Kikomo cha gesi hiyo ni nyuzi 31, joto ambalo alasiri za Februari na Machi hulipita mara kwa mara katika mji huu. Asubuhi kiowevu huwa kimetulia ndani ya chuma, mchana hutoweka, pasibaki mpaka kati ya kiowevu na mvuke, jioni hurudi. Vizimamoto hivyo kwa kawaida havifungwi kipimo cha presha. Fundi anayevikagua huviweka kwenye mizani na kulinganisha na uzito uliochongwa.