Kijiji gani kitembelewe? Namna ya kuchagua bila kusahau vya mbali

Kila mara mradi wa maji au wa afya unapotaka kuanza, swali la kwanza ni hili: tutaenda kuuliza watu katika vijiji gani? Kufika vyote haiwezekani. Mara nyingi timu huchagua pale ambapo gari linafika. Katika territwari ya Kalehe, Kivu Kusini, maana yake ni vijiji vya kando ya barabara ya kitaifa namba 2, kati ya Bukavu na Goma. Watu wa nyanda za juu na wa upande wa Bunyakiri hawaulizwi, lakini ripoti inaandikwa kana kwamba nao wamejibu. Kisha visima vinachimbwa kufuatana na ripoti hiyo.

Shida hii ni nzito kwetu, kwa sababu hesabu ya mwisho ya raia wote wa Kongo ilifanyika mwaka 1984. Kwa hiyo wengi huanza na nukta za ramani: jina la kijiji, latitudo na longitudo yake. Orodha hiyo ndiyo msingi wa kazi yote. Kijiji kisichoandikwa humo hakiwezi kuchaguliwa kamwe.

Bahati nasibu ya kawaida ni ya haki, lakini inaweza kuangukia vijiji jirani na kuacha bonde zima. Mwaka 2004, wanatakwimu wawili wa Marekani, Don Stevens na Anthony Olsen, walichapisha njia ya kuzuia hilo, inayoitwa kwa kifupi GRTS. Waliifikiria kwa ajili ya maziwa na mito, lakini inafaa kwa vijiji pia.

Inafanya kazi hivi. Ramani inagawanywa sehemu nne, kila sehemu tena nne, na kuendelea hivyo mpaka visanduku viwe vidogo sana. Kila mara sehemu hizo nne hupewa namba kwa bahati nasibu. Namba zikiunganishwa zinakuwa anwani ya kijiji. Vijiji vyote vinapangwa kwenye mstari mmoja kufuatana na anwani, jirani karibu na jirani. Kama vijiji ni 400 na tunataka 40, tunapiga kura kupata mmoja kati ya 10 vya kwanza, kisha tunachukua kila cha kumi. Hakuna pembe inayorukwa.

Kompyuta hufanya hayo kwa dakika chache. Katika programu ya R, ambayo ni ya bure, maktaba za sf na spsurvey zinatosha:

nukta <- st_as_sf(orodha, coords = c("longitudo", "latitudo"), crs = 4326)
nukta <- st_transform(nukta, 32735)
sampuli <- grts(nukta, n_base = 40, n_over = 10)

Mstari wa pili unageuza digrii kuwa mita, kwa kipimo kinachofaa Kivu. Mstari wa tatu unachagua vijiji 40, pamoja na 10 vya akiba. Barabara ikikatika au usalama ukikosekana, chukueni cha akiba kwa utaratibu wa orodha, wala si kile kilicho karibu na gari. Andikeni pia sababu.

Kabla ya hayo, kagueni nukta. Latitudo ya Kalehe ina alama ya kutoa. Mtu akiisahau, kijiji kinahamia kaskazini ya Ikweta. Akibadilishana latitudo na longitudo, kinaangukia jangwani Algeria. Ondoeni pia kijiji kilichoandikwa mara mbili kwa majina mawili, maana kingepata nafasi mara mbili.

Tena, usawa huu unafuata nukta: panapo vijiji vingi ndipo vitakapotoka vingi. Mkitaka idadi fulani kutoka nyanda za juu, gaweni kwanza maeneo, halafu chagueni ndani ya kila eneo.

Kompyuta haijui kijiji ambacho hakuna aliyekiandika. Hapo mzee wa kanisa, muuguzi na mwalimu wana kazi kubwa kuliko mtaalamu. Ndugu msomaji, wakikuletea orodha ya vijiji vya kwenu, isome yote, na utaje kile kilichosahauliwa.