Tumbo Dogo la Seli na Ugonjwa wa Parkinson

Mzee aliyesifika kwa mwandiko mzuri anaanza kuandika herufi ndogo zisizosomeka. Mkono unatetemeka akiwa ametulia, anatembea kwa kuburuta miguu, uso hauonyeshi tena furaha wala huzuni. Nyumbani wengine husema ni uzee, wengine hunong'ona kuwa amerogwa. Kumbe huenda ni ugonjwa wa Parkinson, uliopewa jina la daktari James Parkinson wa London, aliyeueleza mwaka 1817.

Dalili hizi hutokea pale seli za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayosaidia kuongoza mwendo wa mwili, zinapokufa. Katika ubongo wa wagonjwa wengi hukutwa mabonge ya protini iitwayo alfa-sinukleini. Swali ni hili: kwa nini taka hizo hazikuondolewa?

Kazi ya kusafisha seli hufanywa kwa sehemu kubwa na vifuko vidogo viitwavyo lisosomu. Vilitambuliwa mwaka 1955 na Christian de Duve wa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Leuven, Ubelgiji. Lisosomu ni kama tumbo: humeng'enya protini na mafuta yaliyochakaa, na ndani yake mna asidi. Kipimo chake cha pH ni kati ya 4.5 na 5, ilhali sehemu ya seli inayoizunguka ina takriban 7.2.

Asidi hiyo haiji yenyewe. Katika ukuta wa lisosomu kuna pampu inayotumia nishati ya seli kusukuma protoni ndani. Lakini asidi ni kama chumvi kwenye mboga: ikipungua haifai, ikizidi haifai. Kwa hiyo lazima pawe na mlango wa kupunguza ziada. Mlango mmojawapo ni protini iitwayo TMEM175. Mwaka 2015 watafiti walionyesha kuwa hupitisha ayoni za potasiamu. Mwaka 2022 wengine wakaonyesha kuwa hupitisha pia protoni kutoka nje asidi inapozidi. Mlango huu ukiwa dhaifu, vimeng'enya hufanya kazi vibaya na taka hurundikana. Ndiyo maana watu wenye aina fulani ya jeni hii, inayoudhoofisha mlango huo, wana uwezekano mkubwa zaidi wa kupata Parkinson.

Protini nyingine, ATP13A2, hutoa ndani ya lisosomu chembe zenye chaji ziitwazo poliamini. Jeni yake ikiharibika, poliamini hujaa na lisosomu hudhoofika. Matokeo yake ni aina adimu ya ugonjwa huu inayoweza kuanza ujanani.

Dawa ya levodopa, inayotumika sana, hugeuka kuwa dopamini ubongoni na kumpa mgonjwa nafuu kubwa, lakini haizuii seli kufa. Ni kama kuchota maji kujaza mtungi unaovuja. Wanaochunguza lisosomu wanatafuta namna ya kuziba ufa wenyewe.

Wakati kazi hiyo ikiendelea, sisi tunaweza kufanya moja: kumpeleka mzee wetu kwa daktari mapema, badala ya kumtafuta mchawi. Na uso wake ukionekana mkavu, tusidhani moyo wake umekauka. Bado anatusikia.