Homa ya Siku ya Kumi

Katika makambi ya Jinja na Mbale, mtu akishikwa na homa fikira ya kwanza ni malaria, na mara nyingi fikira hiyo ni sahihi, kwani Busoga na nchi iliyo chini ya Mlima Elgon hazikosi mbu. Lakini yuko mgonjwa mmoja ambaye homa yake haifai kungoja hata asubuhi, naye ni yule anayetibiwa kansa. Twapenda leo kuwaeleza askari wetu, wa jeshi na wa polisi, sababu ya jambo hilo, kwa maana si wachache wenye mama, mke au mtoto aliyepata kupelekwa Mulago kwa matibabu hayo, na wengine wamekwenda wenyewe.

Taasisi ya Kansa ya Uganda ilianzishwa huko Mulago mwaka 1967, wakati kazi yake kubwa ilipokuwa kutibu uvimbe wa taya za watoto uliotangazwa na Daktari Denis Burkitt mwaka 1958. Tangu siku zile hata leo, dawa nyingi za kansa zinafanya kazi kwa njia moja: huua chembe zinazozaliana upesi. Dawa hizo hazijui kuchagua. Pamoja na kansa huangusha nywele, huchubua kinywa na utumbo, na hudhoofisha uboho ulio ndani ya mifupa, mahali zinapotengenezwa chembe nyeupe za damu. Chembe hizo ndizo walinzi wa mwili. Kwa kawaida, kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya kudungwa dawa, zamu hubaki karibu tupu.

Wakati huo bakteria waliokuwa wakiishi tumboni bila madhara huvuka ukuta wa utumbo uliochubuka na kuingia katika damu. Ajabu yake ni kwamba mgonjwa huenda asiwe na jipu wala usaha, kwa kuwa usaha wenyewe kwa sehemu kubwa ni chembe nyeupe, nazo hana. Pengine dalili ni moja tu: joto la mwili kufika digrii 38 au kupita. Na kwa kuwa mgonjwa wa Jinja au Mbale hudungwa dawa Kampala kisha akarudi nyumbani kungoja duru ijayo, homa hii ya siku ya kumi humkuta mbali na madaktari wake, katikati ya jamaa wanaomhurumia na kumnunulia vidonge vya malaria.

Hata kipimo cha malaria kisiwadanganye. Katika sehemu zetu watu wengi hubeba vijidudu vya malaria bila kuugua. Kipimo kikionyesha malaria, itibiwe. Lakini hilo halithibitishi kwamba damu haina bakteria.

Daktari akimpokea mgonjwa wa namna hii huchukua damu ya kuoteshwa katika maabara, kisha bila kungoja jibu humpa dawa kali ya kuua bakteria, yafaa ndani ya saa moja. Jibu la maabara laweza kuchukua siku mbili au tatu. Ikiwa bakteria waliomo ni sugu, yaani dawa ile haiwaui, siku hizo zimepotea, na mgonjwa asiye na chembe nyeupe hana siku za kupoteza. Jambo hili limekwisha kuchunguzwa hapa hapa Uganda. Daktari Margaret Lubwama wa Chuo Kikuu cha Makerere na wenzake, katika taarifa yao ya mwaka 2020 juu ya wagonjwa wa kansa za damu, walionyesha kwamba bakteria wasiosikia dawa nyingi ni chanzo cha kawaida cha homa hizo, na kwamba huongeza vifo.

Usugu huo hutoka wapi? Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, na ambaye katika Vita Kuu ya Kwanza alikuwa daktari wa jeshi akiona majeraha yakioza, alilijibu swali hilo mapema. Katika hotuba yake ya Tuzo ya Nobel, Desemba 1945, alimtaja mtu wa kubuni aliyeumwa koo, akanunua penisilini, akatumia kidogo: haikutosha kuwaua bakteria, ikatosha kuwafundisha. Kisha akamwambukiza mkewe, na mkewe akafa kwa kuwa dawa ilikwisha kosa nguvu. Tazameni aliyekosa na aliyekufa.

Kambini twamwona mtu huyo kila mwezi. Mkojo unamchoma, anaona haya kwenda kwa mganga wa kambi, ananunua vidonge vinne vya rangi mbili dukani. Viwili anavimeza, viwili anampa mwenzake mwenye mafua, ingawa mafua hayatokani na bakteria wala hayasikii dawa hizo. Bakteria wa tumboni mwake waliobaki hai ni wale sugu, na wana uwezo wa kupeana siri ya usugu wao kwa wao. Kwa mikono isiyonawiwa hufika mpaka kitanda cha hospitali.

Jeshi lenyewe limo katika hesabu hii. Askari wa Marekani waliojeruhiwa Iraq tangu mwaka 2003 walipatwa na bakteria sugu katika vidonda, na tangu mwaka 2022 majeruhi wa Ukraine vivyo hivyo. Kwa dunia nzima, wataalamu walikadiria kwamba usugu uliua watu milioni 1.27 mwaka 2019. Kwa upande wa polisi, Mamlaka ya Dawa ya Taifa iliundwa kwa sheria ya mwaka 1993, nayo huwahitaji askari inapokagua maduka. Kwa maoni yetu kazi hiyo ni ya kulinda uhai sawa na ile ya kukamata bunduki, ingawa haipigiwi tarumbeta.

Mwenye mgonjwa nyumbani na awe na kipimajoto, na aandike tarehe ya sindano ya mwisho. Joto likifika 38 asianze safari ya kwenda Kampala, kwani kutoka Mbale hadi huko ni saa nyingi za barabara. Amkimbize katika hospitali ya rufaa iliyo karibu, Jinja au Mbale, na neno la kwanza mlangoni liwe kwamba huyu yuko katika dawa za kansa na alidungwa tarehe fulani. Kampala itapigiwa simu baada ya dozi ya kwanza kuingia mshipani. Nanyi mlio zamu kizuizini usiku, gari likisimama na dereva akasema maneno hayo, lifungulieni njia.