Mota inatetemeka haizunguki? Pima umeme kabla ya kukimbilia dukani

Kila nikivuka daraja la Mbita kuingia Rusinga, sikosi kuulizwa swali hili na vijana wanaofuga ngege kwenye vizimba: "Fundi, mota inatetemeka lakini haizunguki. Imekufa?" Mara nyingi haijafa. Lakini wengi wameshaitupa na kununua nyingine, na ile mpya nayo ikatetemeka vilevile.

Mimi ni mtu wa Mombasa, kazi imenileta huku ziwani. Naliandika hili kwa sababu vifaa hivihivi vinatumika huko kwetu pia, kwenye mabwawa ya samaki ya Kilifi na Kwale.

Mota yenyewe ni 28BYJ-48, ile ndogo ya volti 5 yenye nyaya tano, inayouzwa pamoja na kibodi cha ULN2003. Arduino Uno ndiyo inayoiamuru. Hapa inafungua na kufunga kilango cha kopo la chakula cha samaki, asubuhi na jioni. Kilango kikigoma kufunguka, samaki wanashinda njaa. Kikigoma kufungwa, chakula kinamwagika chote, na chakula ndicho kinachommaliza mfugaji kwa gharama.

Mota ya hatua si kama ya feni. Feni ukiipa umeme inazunguka tu. Hii ina koili nne zinazowashwa kwa zamu, na kila zamu inasogeza shafti hatua moja. Mzunguko mmoja kamili unahitaji kama hatua 2,048. Zamu zikivurugika, shafti inavutwa mbele na kurudishwa nyuma papo hapo. Ndiko huko kutetemeka. Basi fuata mpango huu, usiruke.

Kwanza, umeme. Mota hii hula kama ampea 0.2 koili mbili zikiwaka pamoja. Pini moja ya Arduino Uno haitakiwi kupita ampea 0.04. Kwa hiyo usiunge mota moja kwa moja kwenye pini. Kazi ya ULN2003 ni kubeba mzigo huo. Wala usiilishe mota kupitia Arduino iliyoungwa kwenye betri ya sola ya volti 12. Zile volti 7 za ziada zinageuka joto ndani ya Arduino, na dakika chache baadaye inazima au inaanza programu upya. Tumia kipunguza volti cha 12 kwenda 5, kiilishe mota peke yake. Tahadhari hii ina uzito hapa Rusinga, maana sola si ngeni: kati ya 2013 na 2015 nyumba zaidi ya 4,000 ziliwekewa sola na mitego ya mbu, kwa mradi wa ICIPE ya Mbita na Chuo Kikuu cha Wageningen cha Uholanzi.

Pili, waya wa hasi. Mota ikiwa na umeme wake na Arduino wake, hasi za pande zote mbili lazima ziungwe pamoja. Zisipoungwa, amri za Arduino hazieleweki, na taa za kibodi zinawaka ovyo.

Tatu, mpangilio wa pini. Hapa ndipo wengi hukwama. Ukiwa umeunga IN1 hadi IN4 kwenye pini 8, 9, 10 na 11, kwenye programu ya Stepper andika 8, 10, 9, 11. Ndiyo, ya pili na ya tatu zinabadilishana nafasi. Ukiziandika kwa kufuatana, mota itanguruma siku nzima bila kwenda popote.

Nne, kasi. Anza na mizunguko 5 kwa dakika. Ukipita 15 hivi, mota inashindwa kufuata na inabaki kulia. Ukitaka kuona zamu kwa macho, punguza kasi hadi taa nne za kibodi ziwake moja baada ya nyingine. Taa isiyowaka kabisa inakuonyesha waya uliokatika.

Tano, sasa pima mota. Ichomoe, weka mita kwenye ohm, gusa waya mwekundu na kila mmoja wa wale wanne. Kila kipimo kiwe karibu ohm 50. Mmoja usiposoma kitu, koili imekatika, na hapo kanunue nyingine.

Kuna jambo jingine linalomaliza betri kimyakimya. Mota ikisimama, koili zake zinaendelea kuwaka mpaka uzizime. Hiyo ni kama wati 1, yaani wati-saa 24 kwa siku. Betri ndogo ya volti 12 ya ampea-saa 7 haifiki siku nne bila jua. Kila kilango kikishafungwa, amuru programu izime pini zote nne. Gia za ndani zitakishika kilango kidogo kama hiki mahali pake.

Na kwa ndugu zangu wa pwani: chumvi ya bahari hula viungo vya nyaya upesi kuliko maji haya baridi. Lehemu viungo vyote, vifunike, na vikague kila mwezi kwa mita hiyohiyo.